Mrejesho: ule muwasho wa usiku uliogoma kuondoka

Wakuu, salaam. Mwezi wa pili niliwaomba ushauri: vipele vinavyowasha miezi minne, dawa za fangasi na vidonge vya aleji vimegonga mwamba. Asanteni wote, hasa dada aliyeuliza, "Nyumbani unawashwa peke yako?" Kumbe mke wangu alikuwa anajikuna kimyakimya.

Nikaenda kwa daktari wa ngozi. Akanikagua katikati ya vidole kwa lenzi, akasema ni upele (scabies), ule wa vidudu unaoambukizana. Tukapewa BBE, dawa ya majimaji ya kuua hivyo vidudu: kupaka shingoni hadi nyayoni siku tatu mfululizo (ya mtoto ilizimuliwa kwa maji), mashuka kufuliwa kwa maji ya moto. Penye michubuko inachoma kama pilipili, mjiandae.

Raundi ya kwanza ilifeli. Shemeji anayelala sebuleni aligoma kupaka, eti yeye hawashwi. Wiki chache tukarudi palepale. Mara ya pili tulipaka wote siku moja. Muwasho uliendelea kama wiki tatu, daktari alishanionya ni kawaida, kisha ukakata. Mabaka meusi kiunoni bado yapo. Na maji ya mwarobaini niliyaoga wiki nzima, sikuona kitu.