Majengo ya zamani ya Nairobi School: yahifadhiwe au yapishe madarasa mapya?

Mtoa Hoja: Ndugu wachangiaji, majengo haya yalichorwa na msanifu majengo Mwingereza, Herbert Baker, na kufunguliwa mwaka 1931, wakati shule ikiitwa Prince of Wales na kupokea wavulana wa Kizungu pekee. Naona nafasi iliyoliwa na varanda na matao ingefaa kujengwa madarasa ya ghorofa. Isitoshe, hiyo ni kazi ya Wazungu, na wazee wetu hawakuwa na mkono ndani yake.

Mjukuu wa Mwashi: Suala la madarasa nawaachia wengine, lakini sentensi hiyo ya mwisho siwezi kuinyamazia. Baker alichora, hakubeba mawe. Katika Nairobi ya miaka hiyo uashi na useremala ulishikwa zaidi na mafundi wa Kihindi, na kazi za sulubu zikafanywa na vibarua Waafrika ambao watoto wao wasingeruhusiwa kuketi kwenye madarasa hayo. Tao la mawe husimama kwa sababu kila jiwe limechongwa mshazari likabana mwenzake, na lile la kileleni huingizwa mwisho. Ustadi huo uko mikononi mwa fundi. Ukiwanyima jasho lao, unaendeleza ubaguzi ule ule unaoulaani.

Mtoa Hoja: Sijamdharau mzee wa mtu yeyote. Nasema shule ilijengwa ili kututenga, nasi leo tunaitukuza.

Msomaji wa Pretoria: Union Buildings za Pretoria, zilizochorwa na Baker huyo huyo na kukamilika mwaka 1913, zilikuwa makao ya serikali ya makaburu kwa miongo mingi, na hapo hapo Nelson Mandela akaapishwa tarehe 10 Mei 1994. Jengo hubadilishwa na wanaolitumia. Kuhusu varanda, ndiyo inayolikinga darasa na jua kali na kuruhusu madirisha yabaki wazi mvua inaponyesha. Ukiiziba, darasa la nyuma linakosa mwanga na hewa.

Mtoa Hoja: Mandela aliapishwa nje, mbele ya umati. Mwanafunzi anahitaji dawati kila siku ya muhula.

Mjukuu wa Mwashi: Bado hujawajibu waashi. Kabla ya jiwe lolote kuguswa, nataka kumbukumbu za ujenzi zitafutwe, na majina ya mafundi na vibarua yatakayopatikana yaandikwe ukutani, karibu na la Baker.