Ngazi imemvunja kijana wetu mguu, halafu mwasema "hakuwa makini"?

Wadau, nina hasira, mnivumilie.

Jumatano tulikuwa kwenye mjengo huku Changamwe, twapaka rangi ukuta wa nje. Ngazi tuliyopewa na mkandarasi ni mapau mawili ya mkoko yaliyogongewa vipande vya mbao, basi. Ililala nje masika yote, na watu wa Pwani twajua chumvi ya bahari inavyokula msumari. Vichwa vya misumari vimekwisha kwa kutu, ukikanyaga kipago chacheza. Nilimwambia msimamizi asubuhi mbele ya watu. Jibu lake: "Fundi, ukiogopa nenda nyumbani, vibarua wamejaa hapo getini."

Saa tano kipago kikang'oka. Kijana akaja chini na ndoo yake ya rangi mpaka kwenye kokoto. Mguu umevunjika, kiwiko kimeteguka. Tukampeleka hospitali kwa tuktuk, na nauli tukachanga sisi mafundi!

Jioni narudi kuchukua brashi zangu, nakuta ngazi imeshakatwakatwa, mama wa chakula apikia maharagwe. Wallahi nilitetemeka. Ndipo msimamizi ananiambia kijana hakuwa makini.

Makini vipi? Ngazi imesimamishwa wima kama mlingoti! Ikigusa ukuta mita nne juu, mguu wake wafaa ukae mita moja kutoka ukutani, juu ifungwe, chini mtu aishike. Kamba hatukupewa. Wa kushika alitumwa kubeba saruji. Na mtu mwenye ndoo mkono huu na brashi mkono ule, ajishikilie kwa meno? Kipande cha waya cha kutundikia ndoo nacho ni ghali?

Sheria ya fidia ya majeraha kazini ipo tangu 2007. Mwajiri agharamie matibabu, aripoti ajali ndani ya siku 7, na aliyeumia hahitaji kuthibitisha kwamba kosa ni la mwajiri. Kwa hiyo hata hayo maneno ya umakini hayamwokoi. Leo Jumapili, mkandarasi hashiki simu, na bili ya hospitali mamake kijana anazunguka nayo kwa majirani.

Ila asubuhi ile nikibishana na msimamizi nilipiga picha ile misumari, mmoja mmoja. Kesho naenda nazo kwa maafisa wa usalama kazini. Aliyewahi kuandikisha ajali ya kazi hapa Mombasa aniambie nibebe karatasi gani, nisije nikarudishwa mlangoni.