Mfumo wa beki watatu wa Amorim: Man United tutafika nao wapi?

Kona ya Mwisho
Wakuu, poleni na Jumatatu hii ya Septemba 15, 2025. Jana saa 12 na nusu jioni nilifungua soda, mpira unaisha karibu saa 2 na nusu usiku soda iko nusu, gesi imeisha. City 3, sisi 0.

Naomba tujadili mfumo, matusi tuwaachie majirani. Tangu kocha Amorim aje Novemba mwaka jana na 3-4-3 yake (beki watatu, wanne katikati, watatu mbele), mechi za ligi 31, pointi 31. Ushindi 8, sare 7, vipigo 16. Msimu uliopita tulimaliza wa 15 na pointi 42, na fainali ya Ligi ya Europa kule Bilbao tukaiacha kwa Tottenham. Jana baada ya mechi kasema wazi: akitaka kubadili falsafa yake ataibadili, kama hataki basi mbadilisheni mtu. Sasa swali langu ni moja tu. Huu mfumo ukipewa muda unatufikisha nne bora, au tunabebana hivi hivi hadi Mei?

Bunduki Daima
Nne bora ya wapi mkuu? Sisi Arsenal tuliwafunga kwa kona moja tu, Calafiori kichwa, tukaondoka zetu. Kisha mkaenda kutolewa Kombe la Ligi na Grimsby, timu ya daraja la nne, penalti 12-11. Kocha wenu mvua inamnyeshea anasogeza visumaku kwenye ubao kama mzee wa kijiweni aliyeishiwa kete za drafti.

Mzaramo Mpole
Hamna subira nyie. Huyu mtu Sporting walikaa miaka 19 bila ubingwa, akawapa 2021 kwa mfumo huu huu. Novemba iliyopita hao hao City aliwapiga 4-1 kule Lisbon. Crystal Palace ya kocha Glasner inacheza beki watatu, imebeba Kombe la FA mbele ya City, na mwezi uliopita imewachukulia Liverpool Ngao ya Jamii. Kocha Conte pale Chelsea alipigwa 4 na Arsenal, akahamia beki watatu, akashinda mechi 14 mfululizo na ubingwa juu. Na kumbukeni jambo moja: Chelsea ile haikuwa kwenye mashindano ya Ulaya msimu ule, na sisi hatupo Ulaya msimu huu. Wiki nzima ni mazoezi. Tatizo si mfumo, ni wachezaji waliokaa muda mrefu kuliko makochi.

Fundi Mitambo
Beki tatu ni shida kila mahali jamani. Wa kwangu, dada wa kazi za nyumbani, kaondoka Jumamosi asubuhi bila kuaga, kaacha chai jikoni inachemka na ndoo mbili za nguo zimelowekwa. Hawa wa Iringa na Njombe wakishazoea mji ndio hivyo, wanapanda mbele kama Dorgu, beki wenu wa pembeni, kurudi kukaba hawarudi. Amorim akipata beki tatu mpya aniunganishe, nalipa elfu 50 kwa mwezi, taslimu.

Bunduki Daima
Hahahaaa! Uzi umeisha huu, fungeni.

Msee wa Githurai
Aki hii imeniua. Nairobi huyo tunamwita mboch. Amorim ako na mboch watatu na nyumba bado chafu.

Takwimu Kwanza
@Mzaramo Mpole rekebisha. Arsenal walimfunga Conte 3-0, sio 4. Ilikuwa Septemba 24, 2016. Mfululizo ulikuwa mechi 13, wakakatwa na Tottenham Januari 4. Na katikati alikuwa na Kanté, mtu mmoja anafanya kazi ya wawili. Nyie katikati mna nani?

Mzaramo Mpole
Umeliona bao moja lililozidi, hoja ya Ulaya umeiruka kama tope. Ndio nyie mlioanza kuangalia mpira Agüero alipofunga lile bao 2012. Kabla ya hapo mlikuwa mnaangalia mieleka.

Takwimu Kwanza
Nimesahihisha namba tu mkuu, hasira za nini? Na mieleka niliangalia, kwani kuna ubaya gani?

Binti Makambako
Mimi hapa ni msomaji tu mwaka wa pili huu. Leo naandika.

@Fundi Mitambo, mimi nilikuwa huyo beki tatu wako. Sinza, miaka minne. Naamka saa 11 alfajiri kuchemsha maji ya watoto, nalala baba mwenye nyumba akishamaliza kuangalia mpira, kwa sababu sebule ndiyo ilikuwa chumba changu na godoro lilikuwa nyuma ya kochi. Mechi ya saa 5 usiku iende dakika 120, na mimi nasubiri nimekaa jikoni. Hiyo 50 unayoiita taslimu haifiki hata kima cha chini. Tangazo la serikali la 2022 lilisema anayelala kwa mwajiri asipungue elfu 60, na hapo ndio kilikuwa cha chini kabisa. Huyo dada hakukimbia. Alifanya usajili huru.

Bunduki Daima
Goooli.

Fundi Mitambo
Dada yangu, ilikuwa utani. Lakini kwa kuwa umeamua kunisomesha sheria, na mimi niseme. Anakula kwangu, analala kwangu, sabuni yangu, akiumwa hospitali ni mimi, sikukuu nauli ya kwao ni mimi. Jumlisha hizo uone kama ni 50. Na sikumlaza sebuleni, ana chumba.

Binti Makambako
Kina dirisha?

Fundi Mitambo
Ni stoo lakini tulipaka rangi.

Msee wa Githurai
Weeeh. Stoo.

Pwani Tamu
Huku kwetu Mombasa twamwita yaya, na watoto humwamkia shikamoo. Hayo majina ya beki sijui mboch ni ya watu wa bara. Mwaita mtu jina la jezi, kisha mwataraji awatilie chumvi ya kipimo?

Msee wa Githurai
Pwani Tamu acha hizo, hao mayaya wenu mnawalipa pesa ngapi? Shikamoo hainunui unga.

Namba Tatu Mstaafu
Na mimi niseme maana nimevumilia miaka. Hilo neno linatuumiza wengine kwa upande wa pili. Zamani jezi zilikuwa na maana: 2 beki wa kulia, 3 beki wa kushoto, 4 na 5 kati, 6 mkabaji. Mimi nilivaa 3 timu ya wilaya misimu sita, mguu wa kushoto halisi, krosi zangu zilikuwa zinatua kichwani kama kofia. Juzi namwambia mjukuu "babu yako alikuwa beki tatu", akaniuliza nilikuwa nafanya kazi nyumba gani. Mama yake akacheka hadi akakaa chini.

Kona ya Mwisho
Wakuu, mada ni mfumo wa Man United. Pointi 31, mechi 31. Tafadhali.

Bunduki Daima
Mkuu wewe ndiye uliyeleta beki watatu, sisi tunachangia.

Mzaramo Mpole
Narudia, hakuna aliyejibu hoja ya Ulaya. Wiki nzima ya mazoezi. Hakuna hata mmoja.

Namba Tatu Mstaafu
Nakujibu mimi. Mazoezi ya nini kama beki wa pembeni hajazaliwa? Mfumo huu unataka mtu wa kukimbia mstari mzima, akabe kama beki, afike golini kama winga. Conte alimtoa Moses kwenye winga akamfanya huyo mtu, na akawa naye. Nyie Dorgu bado mtoto, huku kulia leo Mazraoui, kesho Amad, keshokutwa Dalot. Zama zetu ukivaa 3 hiyo ni yako mpaka uvunjike.

Takwimu Kwanza
Zama zenu mlikuwa mnacheza peku mzee wangu.

Namba Tatu Mstaafu
Peku, na hakuna winga aliyenipita. Muulize baba yako kama alikuwepo uwanjani.

Binti Makambako
Kwa kuwa Kona kaomba turudi kwenye mada, ngoja niwaambie nilichokiona nikiwa nyuma ya lile kochi, maana miaka minne nilikuwa nanyoosha nguo mechi zikiendelea, na yule baba na wanawe walikuwa wanabishana bila kuangalia.

Katikati ya uwanja Amorim anaweka watu wawili. Jana Bruno na Ugarte. Wenzake wanaweka watatu, na mara nyingine wa nne anashuka. Sasa hiyo ndiyo nyumba ya Sinza. Kazi za watu watatu, mtu mmoja na nusu. Bruno anaambiwa apike, maana pasi za mwisho ni zake. Anaambiwa afue, maana mpira ukipotea akimbie kuutafuta. Tena saa 9 amfuate mtoto shule. Angalieni tena bao la kwanza jana. Doku anamhangaisha Shaw pembeni, macho yote kwa Doku, Foden anapita nyuma ya Bruno anaingia ndani peke yake, kichwa, bao. Foden ndiye mtoto aliyesahaulika getini. Jioni baba akirudi anasema dada mzembe.

Wale mabeki watatu mnaowalaumu wako watu watatu kumlinda mshambuliaji mmoja, wamesimama kama wageni waliowahi shughuli. Mmoja wao angesogea mbele kusaidia katikati, nusu ya matatizo yangeisha. Lakini hasogei, na Šeško kule mbele anasubiri mpira kama mtu wa Mbagala anasubiri daladala saa 1 usiku.

Kona ya Mwisho
Dada, umekuwa wapi miaka miwili yote?

Takwimu Kwanza
Hii ya getini nimeirudia mara mbili. Ni kweli, Bruno hakumfuata. Lakini hapo ni mchezaji au ni mfumo?

Binti Makambako
Mwajiri wangu naye aliuliza hivyo hivyo.

Mzaramo Mpole
Mimi bado nasema apewe muda. Lakini katikati aongeze mtu, hapo nakubali. Na sijasema Takwimu Kwanza yuko sahihi.

Bunduki Daima
Akiongeza mtu katikati anapunguza wapi? Mbele umesajili Mbeumo, Cunha na Šeško, hela yote iko mbele. Anapunguza beki, inakuwa nne nyuma, halafu mfumo umekufa na kocha kasema habadiliki. Mmejifungia ndani, funguo kaondoka nazo beki tatu.

Pwani Tamu
Yaya.

Bunduki Daima
Samahani. Yaya.

Fundi Mitambo
Dada Makambako, nimesoma yote. Nimekaa nayo. Tuseme 70, na Jumapili apumzike. Unamfahamu mtu?

Binti Makambako
Nawafahamu watatu. Chumba kitobolewe dirisha kwanza, kisha piga picha uiweke hapa.

Msee wa Githurai
Hahaha, uchunguzi wa afya kabla ya usajili.

Namba Tatu Mstaafu
Na asiitwe beki tatu humo ndani. Hilo jina nalirudisha uwanjani leo.

Kona ya Mwisho
Sawa. Jumamosi tunawakaribisha Chelsea Old Trafford, saa 1 na nusu usiku kwetu. Naweka uzi mpya, na humo ni mpira tu. Tunapanga kikosi: nani anaanza katikati?

Fundi Mitambo
Mimi dakika za mwanzo msinihesabu. Ndoo ya pili ya nguo bado, na hizi za shule nimeambiwa zinasuguliwa kola kwa mkono.