Mrejesho: Chama chetu cha waamuzi wa raga, mwaka mmoja baadaye

Mwaka jana niliwaomba ushauri kuhusu chama chetu cha waamuzi wa raga, ambacho kilikuwa kikipoteza waamuzi wapya kabla msimu wao wa kwanza haujaisha. Ninamshukuru hasa aliyependekeza kwamba kila mmoja wao apewe mlezi mwenye uzoefu.

Semina ya sheria na jaribio la mbio tulivifanya kama kawaida. Kazi yenyewe ilikuwa ya kila wiki, ambapo mlezi aliketi na mwamuzi baada ya dakika 80 za mechi wakajadili jambo moja au mawili tu, badala ya kumsomea makosa yake yote. Skramu, yaani pale wachezaji wa timu zote mbili wanapoinama na kushikana ili kugombea mpira, ndiyo iliyowatisha wengi, nami siwalaumu, kwani wachezaji 16 wanasukumana na mwamuzi hana budi kuamua papo hapo ni nani aliyeiangusha, huku usalama wa shingo za walio mstari wa mbele ukimtegemea yeye.

Matusi ya makocha kutoka kando ya uwanja hayajakoma, na jambo hilo bado linaniuma. Waamuzi wawili wametuacha kwa sababu hiyo. Wengine wote wamekubali kupangiwa mechi za msimu ujao.