MySQL ya XAMPP inawaka kijani sekunde mbili inazima, Moodle haifunguki. Msaada wakuu

Chaki_Tupu
Habari za jioni wakuu. Nina kompyuta ina XAMPP hii ya PHP 8.1 (kile kifurushi cha kuigeuza kompyuta kuwa seva), nimeweka Moodle 4.1 humo, ule mfumo wa masomo na majaribio, ya kujifunzia tu nyumbani, imefanya kazi vizuri kabisa kama miezi mitatu. Sasa nikibonyeza Start Apache inawaka freshi ila MySQL, yaani databesi yenyewe, inawaka kijani sekunde mbili tatu inazima, chini inaandika kwa wekundu "MySQL shutdown unexpectedly", na Moodle nikiifungua inaniambia database connection failed. Nimeangalia video kama sita YouTube kila mtu anasema lake. Sijagusa kitu, imeanza yenyewe. Naombeni msaada wa haraka kidogo maana kuna kitu Jumatatu. Matusi hapana.

Kijana wa Kona
Poti 3306 hiyo, mlango ambao MySQL inapitia, inaliwa na programu nyingine. Fungua my.ini, faili la mipangilio, weka 3307, maliza. Lete soda.

Mzee wa Terminal
Tatizo ni Windows. Hamia Ubuntu utanishukuru. Mimi tangu 2014 sijui kirusi kinafananaje.

Chaki_Tupu
Poti nimebadilisha, hola. Ubuntu siwezi mkuu, mashine inatumiwa na watu wengine pia.

Sukari Guru
Moodle 4.1 ya nini mwaka huu? Weka 4.5 matatizo yote yataisha.

Bi Jedwali
@Sukari Guru usimpoteze mtoto wa watu. Kuanzia Moodle 4.2 inataka MariaDB 10.6.7 kwenda juu, na XAMPP mpaka leo inakuja na MariaDB 10.4. Akiweka 4.5 humo haimalizi hata ukurasa wa kukagua mazingira, itamgomea hapo hapo. 4.1 kwa XAMPP amechagua sawa, hilo nampa maksi zake.

Chaki, hiyo "MySQL" unayoiona kwenye XAMPP ni MariaDB imeachiwa jina la zamani tu, na yale maandishi mekundu hayana maana yoyote, ni sawa na mgonjwa kusema "naumwa". Bonyeza batani ya Logs pembeni ya MySQL, fungua mysql_error.log, shuka mpaka chini kabisa, weka hapa mistari ya mwisho. Na usifute kitu. Halafu "watu wengine" gani tena, si umesema ni ya nyumbani?

Kitambo Sana
Hii imenikumbusha mbali. Nilikuwa na kafe ya intaneti miaka hiyo, mashine nane, moja ndo seva, na seva yenyewe tulikuwa tunaifunika kitambaa kama redio ya mzee. Siku moja dogo wa kufagia akachomoa waya achomeke feni. Deni la wateja wote lilikuwa humo. Asubuhi kila mteja anadai hana deni, mpaka yule niliyemkopesha nauli ya kwenda Mbeya. Nilifunga kafe nikafungua duka la mkaa na sijawahi kujuta.

Chaki_Tupu
Pole @Kitambo Sana. @Bi Jedwali logi nilipiga picha kwa simu jana, ngoja niinakili kwa mkono.

Bi Jedwali
Picha ya jana? Mashine huna hapo mbele yako?

Chaki_Tupu
Iko sehemu. Logi hii hapa, nimeruka mingine:

2025-09-12 9:26:41 [ERROR] mysqld.exe: Aria recovery failed. Please run aria_chk -r on all Aria tables and delete all aria_log.######## files

2025-09-12 21:40:07 [Note] InnoDB: The first innodb_system data file 'ibdata1' did not exist. A new tablespace will be created!

2025-09-12 21:40:07 [ERROR] InnoDB: redo log file '.\ib_logfile0' exists.

Na niseme ukweli, ni ya shule. Mimi ni mwalimu wa kujitolea, hesabu na kompyuta. Moodle niliiweka mwenyewe ofisi ya taaluma, walimu watano wameingiza maswali yao, vijana 212 wa kidato cha nne wamefanyia majaribio humo toka mwezi wa sita. Jana saa tatu asubuhi mock inaendelea umeme ukakatika, UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ilishakufa kitambo. Sikusema mwanzoni kwa sababu nilijua mtaanza kunihukumu badala ya kunisaidia.

Mtumishi Mwaminifu
Hatuhukumu ndugu mwalimu, ila alama za watoto wa watu ni amana. Wewe umeweka amana kwenye XAMPP, kitu ambacho waliokitengeneza wenyewe wanasema ni cha majaribio si cha kazi, bila bakapu, bila UPS. Ungeandika hata kwenye kaunta buku.

Mshenga
CHAI HII. Mods fungeni uzi.

Kwanza ilikuwa nyumbani, sasa ni shule. Kwanza "imeanza yenyewe", sasa umeme umekatika. Lakini kubwa kuliko ni hili: umeme umekatika saa tatu asubuhi, sawa, mstari wa kwanza 9:26 tunakubali. Mstari wa pili ni 21:40. Hiyo ni saa tatu na dakika arobaini USIKU. Ijumaa. Mock gani ya kidato cha nne inafanyika saa tatu usiku, na nani alikuwa anawasha MySQL muda huo, popobawa? Jamaa kachukua logi za mtu mahali akatunga hadithi, hata saa za kizungu kashindwa kuzigeuza.

Kijana wa Kona
Nimeleta mihogo ya kuchoma, chai mimineni.

Sukari Guru
Sukari ninayo. Na hizo namba 212 mbona nzuri hivyo, angesema 200 ningeamini.

Kitambo Sana
Sasa jamani mwongo gani anatunga kuhusu ib_logfile0. Mtu akitunga anatunga mapenzi.

Bi Jedwali
Si chai. Mshenga ameuliza swali zuri halafu akalijibu vibaya.

Someni mistari yenyewe. 9:26 umeme umerudi, MariaDB inajaribu kuamka, inakwama kwenye Aria. Aria ni injini ya majedwali yake ya ndani, yale ya watumiaji na ruhusa. Moodle haimo humo, Moodle iko kwenye injini nyingine, InnoDB. Kwa hiyo asubuhi ile alama za vijana zilikuwa salama, kilichokwama ni kumbukumbu za Aria tu, unasogeza pembeni faili zinazoanza na aria_log unawasha. Dakika tano.

21:40 ni kitu kingine kabisa. Logi inasema faili la ibdata1, faili kuu la InnoDB, HALIPO. Asubuhi lilikuwepo, usiku halipo. Faili halina miguu. Kuna mtu kalifuta kwa mkono. Chaki?

Mshenga
Tunasubiri.

Chaki_Tupu
Ni mimi. Nilirudi shule usiku nikamwomba mlinzi ufunguo. Kuna video jamaa anasema ukifuta ibdata1 halafu ukawasha inajitengeneza upya, ina watazamaji laki tatu, na kwake iliwaka kweli nimeona kwa macho yangu. Sasa watu laki tatu wote wajinga? Nikafuta. Haikuwaka.

Bi Jedwali
Kwake iliwaka kwa sababu hakuwa na kitu ndani. Ibdata1 chukulia ni lile daftari la mahudhurio la shule. Kila jedwali la Moodle lina faili lake la .ibd, na Moodle ina majedwali zaidi ya 400, wanafunzi wote wamekaa darasani. Ila daftari likichomwa, injini haijui nani ni nani. Ingewaka na ibdata1 mpya, phpMyAdmin, ule ukurasa wa kuangalia databesi, ingekuonyesha majina yote ya mdl_ (majedwali ya Moodle) yamejipanga vizuri, ukibonyeza moja inakwambia halipo kwenye injini, kosa namba 1932. Hapo unaanza kumrudisha mmoja mmoja, mara 400.

Bahati yako iligoma. Imeona ib_logfile0 ya zamani, faili la kumbukumbu za InnoDB, bado ipo ikakataa kutengeneza ibdata1 mpya juu yake. Ule mstari wa mwisho uliokutisha ndo uliokuokoa.

Swali moja tu. Ulipofuta, ulibonyeza Delete ya kawaida au na Shift?

Chaki_Tupu
Ya kawaida nadhani. Ndiyo, ya kawaida.

Bi Jedwali
Basi liko Recycle Bin. Nenda kalirudishe sasa hivi.

Chaki_Tupu
Mashine ipo kwa fundi mjini tangu saa sita mchana. Nimempa apige Windows upya. Na kabla hamjanirukia, nilishafikiria vizuri, mashine yenyewe ilikuwa nzito, kirusi kibao, nimeshamlipa elfu 15 na hela hairudi. Mpango wangu nianze upya, nimwambie mwalimu wa taaluma mfumo umepata hitilafu, walimu waingize maswali tena, vijana warudie mock wiki ijayo. Kwanza maswali mengine yalikuwa na makosa. Nilichokuwa nataka kwenye huu uzi ni kujua nikiweka upya nifanyeje isije ikazima tena.

Kijana wa Kona
Umemlipa mtu elfu 15 akuchomee nyumba 😂

Mzee wa Terminal
MPIGIE FUNDI

Kitambo Sana
Mpigie fundi babu.

Mtumishi Mwaminifu
Mwalimu, vijana 212 warudie mtihani kwa sababu unaona aibu kupiga simu moja? Piga simu, aibu itakuja yenyewe baadaye.

Mshenga
Bado nasema chai ila kama ni kweli mpigie fundi.

Sukari Guru
Dakika 40 kimya. Ama kapanda boda ama kafuta akaunti.

Kitambo Sana
Mafundi nao. Nilimpeleka mmoja laptop ya mke wangu abadilishe kibodi tu, ikarudi na kibodi nzuri na Windows mpya, picha za harusi hakuna. Namuuliza anasema "nilikusafishia bure mzee". Bure!

Chaki_Tupu
Nimempata. Anasema hajaanza, umeme umekatika mtaani kwake tangu saa nane na jenereta ya jirani haina mafuta. Nimemwambia asiiguse. Niko kwenye boda.

Kijana wa Kona
Umeme umeua, umeme umefufua.

Bi Jedwali
Sasa nisikilize na usiongeze ubunifu. Ukifika usiwashe XAMPP kabisa. Fungua Recycle Bin, tafuta ibdata1, bonyeza Restore, litarudi lenyewe kwenye mysql\data. Kabla ya chochote nakili folda lote la data, LOTE, kwenye flashi, pamoja na folda la moodledata maana mafaili waliyopakia walimu yako kule, databesi inashika majina tu. Ukishakuwa na hiyo nakala mkononi ndo uhamishe faili zote zinazoanza na aria_log uziweke pembeni, usizifute, halafu uwashe MySQL. Ikiwaka usifurahi, usifungue Moodle, fungua Shell ya XAMPP uandike hii ya kutoa dampu, yaani nakala ya databesi nzima kwenye faili moja

mysqldump -u root moodle > moodle.sql

Kama databesi uliipa jina lingine weka hilo. Faili litakalotoka nakili flashi ya pili. Ikigoma kuwaka njoo hapa na logi mpya, kuna kitu kinaitwa innodb_force_recovery kwenye my.ini, cha kulazimisha InnoDB iwake, ila ukianza kuweka namba 4 na kuendelea peke yako kwa kufuata video nakublock. Hizo zinaweza kuharibu data moja kwa moja.

Mzee wa Terminal
Bi Jedwali unafundisha wapi, nije kujiandikisha.

Bi Jedwali
Natunza databesi ya SACCOS, chama cha akiba na mikopo. Waliponiajiri nilikuta nao wamefuta ibdata1.

Chaki_Tupu
Jumapili njema wakuu. Ibdata1 ilikuwepo Recycle Bin, MB 76, katikati ya picha za sherehe ya mahafali. Umeme kwa fundi ulirudi saa nne usiku. Nimenakili data na moodledata flashi, ilichukua karibu saa nzima, nikasogeza aria_log mbili, moja ina namba moja nyingine inaitwa aria_log_control, nikabonyeza Start nikafumba macho. Imewaka na haijazima. Dampu limetoka, MB 61. Nimeingia Moodle nikafungua majaribio ya fizikia, majibu yapo mpaka swali la 17 walipofikia umeme unakatika, yule binti wa kiti cha mbele mpaka sasa hivi anaonekana kama bado anaendelea na mtihani.

Fundi kagoma kurudisha elfu 15, anasema ni ya kuitunza.

Mshenga
Tia picha ya skrini.

Chaki_Tupu
Picha inakataa kupanda, nadhani ni kubwa.

Mshenga
Nilisema mimi.

Bi Jedwali
Wa taaluma umemwambia?

Chaki_Tupu
Sasa dada yangu nimwambie nini na kitu kinafanya kazi? Nitaomba UPS kwenye bajeti ya muhula ujao, nitasema ni tahadhari.

Mtumishi Mwaminifu
Mwalimu...

Mgeni_Leo
Nimesoma kichwa cha uzi tu nina haraka. Mkuu hiyo ni poti, badilisha 3306 weka 3307 itakubali.