Vinundu vingi kwenye ini la mtoto wa miezi 2, na AFP (protini ya damu inayopimwa kutafuta saratani ya ini) iko juu: tuanzie wapi?

mhudumu_wodini: Habari wakuu. Mtoto ananyonya vizuri na uzito unapanda. Ngozini ana hemanjioma 7 (uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani). Ultrasaundi imeonyesha vinundu kadhaa kwenye ini, na AFP imezidi kiwango cha kwenye fomu ya maabara. Wazazi wameshaambiwa ni saratani. Tuchukue kinyama (kipande cha uvimbe cha kupima maabara)?

ini_la_mtoto: Hapana, bado. Mtoto mchanga mwenye hemanjioma 5 au zaidi ngozini hupimwa ini kwa sababu huenda ana nyingine huko ndani. Vinundu vingi vinavyofanana, katika umri huo, na ngozi hiyo: picha inatosha kuonyesha ni hemanjioma za ini. Sindano kwenye uvimbe uliojaa damu yaweza kuleta hatari bila faida.

Kuhusu AFP, fomu nyingi huchapwa kiwango cha mtu mzima. Mtoto huzaliwa na makumi ya maelfu ya nanogramu kwa mililita, na hushuka hadi kiwango hicho katika mwaka wa kwanza. Linganisheni na jedwali la umri, mrudie kipimo baada ya wiki chache. Ikipanda badala ya kushuka, au kukiwa na uvimbe mmoja mgumu unaokua, hapo hepatoblastoma (saratani ya ini ya watoto) lazima itafutwe na kinyama kina kazi. AFP ya chini nayo isiwalaze: zipo saratani za ini zisizoipandisha.

Naomba sana msisahau thairoidi, tezi ya shingoni. Hemanjioma hizi hutoa kimeng'enya kinachoharibu homoni yake, kwa hiyo kipimo kilichokuwa safi wakati wa kuzaliwa hakitoshi. Pimeni TSH na T4 (vipimo vya damu vya thairoidi) sasa, mrudie kupima wakati vinundu vingali vinakua. Upungufu wa homoni ukiachwa, ubongo ndio unaoumia, na dozi ya homoni ya kuuziba huweza kuwa kubwa kuliko ya kawaida.

msoma_picha: Ombeni Dopla, ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu. Mishipa ikiwa imeungana vibaya, damu hupita kwa wingi na moyo huchoka, hivyo pimeni na moyo. Uvimbe wenye vifuko vya maji ni habari nyingine: fikirieni hamatoma ya mesenkima (uvimbe wa ini usio saratani), ambao kwa kawaida hukatwa.

mhudumu_wodini: Asante sana. Na dawa?

dawa_za_watoto: Vinundu vichache visivyo na dalili hufuatiliwa tu kwa ultrasaundi. Vikiwa vingi na vinakua, moyo ukielemewa au thairoidi ikishuka, propranolo (dawa ya moyo na presha inayosinyaza hemanjioma): anzeni miligramu 1 kwa kilo kwa siku, igawanywe, mpande hadi 2 au 3 mkiangalia mapigo, presha na sukari. Apewe wakati wa kunyonya, kamwe si tumbo tupu. Akitapika, akikataa kunyonya au akianza kukorota kifuani, dozi isitolewe na aonwe siku hiyohiyo, maana sukari hushuka kimyakimya. Mwandikieni mama hayo kwenye karatasi kabla hajaondoka na chupa.