Fundi kaniuzia pampu ya shawa kabla hata ya kuifungua shawa yenyewe

Wakuu, nimekasirika na sitazunguka.

Bafu la juu kwangu maji yalikuwa yanachuruzika tu. Unajipaka sabuni, halafu unasimama unasubiri povu likutoke kichwani hadi mwili unatetemeka kwa baridi. Nikaita fundi bomba. Akafungua koki, akatazama kidogo, akasema, "Bosi, hapa ni pampu tu, hakuna kingine." Hakupanda kwenye tangi. Hakugusa valvu hata moja. Kesho yake pampu ikafungwa kwenye bomba linalolisha bafu na choo, nikalipa kifaa na ufundi, taslimu.

Siku za mwanzo raha. Wiki ya pili, usiku wa manane, naisikia inawaka, inazima, inawaka, inazima, na bafuni hakuna mtu. Nampigia, ananiambia ndivyo zilivyo. Uongo! Boya la choo lilikuwa halifungi vizuri, maji yanapita kidogo kidogo, presha inashuka kwenye bomba, pampu inaamka kuirudisha. Mpira mmoja tu ulihitaji kubadilishwa. Badala yake mota ikateseka usiku kucha.

Halafu maji ya mtaa yakakatika, tangi likakauka. Hakuwa ameweka kinga ya kuizima pampu maji yakiisha, ikazunguka kavu. Ile sili ya kwenye shafti, yaani kizuizi cha maji yasivuje pale mhimili wa mota unapoingia kwenye pampu, inapozwa na maji hayo hayo, yakikosekana inaungua. Maji yaliporudi nikakuta dimbwi chini ya pampu, hatua moja kutoka kwenye soketi ya umeme. Wanangu wanapita pale miguu peku! Hapo ndipo damu iliponichemka.

Na suluhisho lake likawa nini? Ninunue kubwa zaidi, na safari hii aiunge moja kwa moja kwenye bomba la mtaa "ivute yenyewe". Nikamwambia atoke kwangu. Jamani, pampu ikinyonya bomba la mtaa inawanyang'anya majirani maji, na presha ikishuka mno mle ndani, uchafu wa ardhini unavutwa kuingia kupitia nyufa na maungio mabovu. Maji hayo watu wanakunywa. Pampu ya nyumbani ivute kutoka tangini, basi.

Alipoondoka nikaanza mwenyewe, bila pampu. Nikakinga ndoo ya lita 10 chini ya shawa: dakika 4, yaani lita 2.5 kwa dakika. Nikafungua kichwa cha shawa. Zaidi ya nusu ya vitundu vimezibwa na ukoko mweupe wa chokaa, mgumu, kucha haiung'oi. Nikakiloweka kwenye siki usiku mzima, asubuhi nikakisugua kwa mswaki wa zamani. Nikapanda kwenye tangi, nikakuta valvu ya kutolea maji imefunguliwa nusu. Nusu! Nikaifungua yote. Ndoo ile ile: dakika 1 na sekunde 40. Lita 6 kwa dakika, bila umeme wowote.

Sisemi pampu ni mbaya. Kimo cha maji cha mita 10 ndicho kinachokupa presha ya takriban baa 1, na tangi langu liko mita 2 tu juu ya shawa, kwa hiyo napata baa 0.2. Hiyo kusafisha hakuiongezi, na pengine pampu ndogo bado nitaihitaji. Lakini hayo ndiyo aliyopaswa kunieleza siku ya kwanza, akiwa na futi na ndoo mkononi, kabla ya kugusa hela yangu.

Nimemtumia picha za valvu na za sili iliyoungua. Kaziona, leo siku ya nne hajajibu. Nataka hela ya ufundi irudi. Aliyewahi kumbana fundi wa namna hii hadi akarudisha, aniambie alianzia wapi.